Somo: Daftari la madeni kwa Python na SQLite

Mradi wa kwanza uwe mdogo kiasi cha kumalizika. Nenda dukani mtaani kwenu, Sinza au Mbagala, omba kuliona daftari la madeni: jina, alichochukua, kiasi, na mstari uliokatwa alipolipa. Programu yenyewe ni hiyo.

1. Fungua faili moja, madeni.db. Hiyo ndiyo hifadhidata ya SQLite, yaani majedwali yote ndani ya faili moja. Maktaba ya sqlite3 huja na Python, hakuna cha kupakua. Jedwali la wateja: namba, jina, simu. Jedwali la miamala: namba, mteja, kiasi, maelezo, wakati. Simu iwe TEXT (maandishi). Kwenye INTEGER (namba nzima) sifuri ya mwanzo hupotea. Kiasi kiwe INTEGER, shilingi nzima, maana kwa desimali Python hukupa 0.1 + 0.2 = 0.30000000000000004.

2. Usiweke safu ya salio. Hapa ndipo madaftari mengi ya kompyuta huharibika. Mama Asha akikopa unga wa 4,500, andika 4500. Akilipa 2,000, andika -2000. Salio, 2,500, lipatikane kwa SUM(kiasi), yaani kujumlisha safu ya kiasi. Ukilihifadhi pembeni, iko siku sehemu moja ya programu itaongeza muamala na kusahau salio, nawe hutajua uamini namba ipi. Wala usifute mstari. Aliandikiwa 5,400 badala ya 4,500? Ongeza -900, maelezo "masahihisho". Mwenye duka hachani ukurasa, hukata mstari, ili mteja akibisha waangalie pamoja. Programu nayo ifanye hivyo.

3. Umeandika, umeona, kesho hakuna kitu: umesahau commit(), amri ya kuhifadhi ulichoandika. Weka kila uandishi ndani ya "with" ya muunganisho (connection), nayo itahifadhi yenyewe. Thamani zipite kwa alama ya ?, usiunganishe maneno mwenyewe. Jina kama Ng'wandu, kwa ile ritifaa yake, litaivunja amri ya SQL.

4. CURRENT_TIMESTAMP, wakati wa sasa kwa SQLite, hutoa saa ya UTC (saa ya kimataifa), na Dar iko mbele saa 3. Deni la saa 7 usiku litaonekana la jana. Onyesha kwa datetime(wakati, '+3 hours'). Kwa saa ya Kiswahili: (saa + 6) % 12, ikitoka 0, iwe 12.

5. Tumia Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, kila hatua inapofanya kazi, lakini madeni.db iandike kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git haizigusi. Humo mna majina na simu za watu.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeandika deni la mteja asiyekuwepo, SQLite imekubali!
Jibu: Haikagui mpaka uiambie. Safu ya mteja iwe na REFERENCES inayoielekeza kwenye jedwali la wateja, kisha PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho, si siku ya kwanza tu.

Swali: Miamala ikifika elfu kumi, SUM haitachelewa?
Jibu: Kwa duka moja hutahisi. Ukiona uzito, tengeneza faharasa kwa CREATE INDEX kwenye safu ya mteja.

Swali: Kunakili faili kwenye flashi kunatosha?
Jibu: Programu ikiwa imefungwa, ndiyo. Ikiwa inaandika, nakala inaweza kutoka mbovu. Tumia backup() ya sqlite3. Kisha ifungue nakala hiyo, ulinganishe jumla ya madeni na ya faili la asili.