Namna ya Kuamua Kama Uendelee Kutumia Kaspersky

Kabla ya kulipia tena leseni ya Kaspersky, programu ya kuzuia virusi ya kampuni ya Urusi, tenganisha maswali mawili ambayo wengi huyachanganya: je, programu hii inakamata virusi, na je, mwenye kuiendesha anastahili kukabidhiwa kompyuta yako nzima?

Swali la kwanza ni jepesi. Soma matokeo ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, tena ya miaka kadhaa, nawe utaona kwamba Kaspersky imepata alama za juu kwa muda mrefu.

Swali la pili ndilo zito. Programu ya kuzuia virusi husoma kila faili, hupokea masasisho bila kukuuliza, na huweza kupeleka faili inayoitilia shaka kwenye seva za kampuni ikachunguzwe. Kwa hiyo mwenye kushika njia ya masasisho ameishika kompyuta. Ndiyo maana unaposoma katazo la serikali yoyote, itafute sababu yake. Wizara ya Biashara ya Marekani ilipopiga marufuku uuzaji wa Kaspersky mwezi Juni 2024, haikudai kwamba programu ni dhaifu, bali kwamba kampuni yenye makao Moscow inaweza kulazimishwa na serikali ya Urusi. Kampuni imekanusha, na tangu 2018 imehamishia Zürich, Uswisi, sehemu ya data za wateja na kufungua vituo vya kukagulia msimbo wake, yaani maagizo yanayounda programu. Hatua hiyo ni ya maana, ila kwa maoni yangu haitoshi, kwani ukaguzi wa leo hauwezi kulithibitisha sasisho la kesho. (Wasiwasi huu si wa Urusi peke yake: mwaka 2024 Avast, kampuni nyingine ya programu za kuzuia virusi, ilitakiwa na mamlaka za Marekani kulipa dola milioni 16.5 kwa sababu ya kuuza historia za kuvinjari za watumiaji wake.)

Kisha chunguza kama masasisho yataendelea kupatikana nchini mwako. Huko Marekani yalikoma tarehe 29 Septemba 2024, na wateja wengi walishtukia programu nyingine, UltraAV, imeshawekwa kwenye kompyuta zao.

Ukiamua kubaki, fungua mipangilio na uzime Kaspersky Security Network, huduma inayopeleka taarifa za kompyuta yako kwenye seva za kampuni, ukijua kwamba utapunguza kasi ya kutambua virusi vipya. Ukiamua kuondoka, hamisha kwanza nywila ulizozihifadhi humo, ndipo uiondoe programu kupitia mipangilio ya Windows. Mabaki yakikataa kutoka, tumia zana ya kampuni yenyewe iitwayo kavremover. Washa kompyuta upya, kisha hakikisha kuwa Microsoft Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, imeanza kufanya kazi kabla hujafungua barua pepe yoyote.