Kuona seli nyeupe ikimkamata fangasi: zoezi la asubuhi moja kwa hamira ya mandazi

Kila mwaka nakutana na wanafunzi wa maabara waliokariri neno fagositosisi (yaani seli kumeza kitu kigeni) hadi wakapita mtihani, lakini ukiwauliza seli nyeupe humjuaje fangasi, kimya. Seli haina macho, inapapasa. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa sukari ambazo mwili wetu hautengenezi, hasa beta-glukani, na seli nyeupe ina vipokezi vya kuzishika. Kimoja, dektini-1, kilitambuliwa kuwa kipokezi cha beta-glukani mwaka 2001. Zoezi lenyewe ninalofundisha hapa Nairobi ni hili.

Hatua ya 1: Hamira

Paketi ya duka la mtaani inatosha. Hamira ni fangasi kamili, Saccharomyces cerevisiae. Koroga robo kijiko cha chai kwenye mililita 10 za maji ya chumvi ya maabara, kisha tumbukiza chupa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 30. (Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala usijali.)

Usiruke kuchemsha. Hamira hai imevaa koti la sukari nyingine, manani, na beta-glukani imejificha chini yake, ikichungulia zaidi kwenye makovu yanayobaki chipukizi likishang'oka. Moto hulichakaza koti hilo.

Osha mara 3 kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi), kisha changanya na maji ya Hanks, yaani maji ya chumvi ya kutunzia seli, yenye kalsiamu na magnesi mpaka uone ukungu mwepesi tu. Ikiwa nzito kama uji, utakachoona ni hamira tupu.

Hatua ya 2: Seramu

Kwa ridhaa ya mtoaji, toa damu kwenye chupa ya kifuniko chekundu (isiyo na dawa ya kuzuia kuganda), iache igande, zungusha, chukua seramu, yaani majimaji yanayobaki juu ya bonge, na uiweke kwenye barafu. Igawe mara mbili. Nusu moja ipashe kwenye nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua komplimenti, yaani zile protini za damu zinazojibandika kwenye ukuta wa fangasi na kumfanya ashikike kirahisi.

Hapa ndipo nilipoaibika. Siku moja chupa nyekundu zilikuwa zimeisha, nikatumia ya zambarau nikidhani plazma, yaani majimaji ya damu isiyoganda, itafanya kazi ileile. Darasa zima likakodolea macho hadubini hadi saa nane mchana, karibu bila kuona kitu. Dawa iliyo ndani ya chupa ya zambarau hunyakua kalsiamu na magnesi, na bila hizo komplimenti haiamki.

Hatua ya 3: Seli

Toboa kidole, weka tone la damu kwenye kioo chembamba cha kufunikia slaidi. Andaa vioo 3. Vifungie kwenye kikopo cha plastiki chenye karatasi mbichi, ndani ya inkubeta ya nyuzi 37, dakika 40. Kisha mwagia taratibu maji ya chumvi yaliyopashwa moto. Bonge la damu litang'oka, na neutrofili na monosaiti (aina mbili za seli nyeupe zinazomeza) zitabaki zimenata kwenye kioo. Baridi ya Julai huziharibu upesi, kwa hiyo usiache vioo mezani ukipiga gumzo.

Hatua ya 4: Kuwakutanisha

Kioo cha kwanza: hamira sehemu 8, seramu mbichi sehemu 2. Cha pili: vivyo hivyo, ila seramu iliyopashwa. Cha tatu: hamira bila seramu. Nyuzi 37, dakika 30. Osha, kausha, tia methanoli dakika 3, halafu rangi ya Giemsa kama ya malaria.

Hatua ya 5: Kutazama

Lenzi ya 100, na mafuta. Tafuta neutrofili ambayo kiini chake kimesukumwa pembeni, tumbo limejaa madonge mawili ya mviringo, kila moja na pete nyeupe kuizunguka. Mwanafunzi wangu mmoja alisema inafanana na mtu aliyetia mandazi mawili mdomoni kwa mpigo. Hesabu neutrofili 100, uandike ngapi zimemeza.

Kioo cha kwanza kitashinda. Cha pili hakitakuwa sifuri, kwa sababu wengi wetu tuna kingamwili dhidi ya hamira, na moto wa nyuzi 56 hauziui. Cha tatu ndicho ninachokipenda: seli chache zilizoshika hamira bila msaada wa damu, kwa vipokezi vyao wenyewe.

Ukishawahi kutazama maji ya uti wa mgongo yenye kriptokokasi (fangasi anayeshambulia utando wa ubongo) kwenye wino mweusi, ikumbuke ile pete pana inayomzunguka. Ni kapsuli ya sukari, inayofunika beta-glukani kiasi kwamba vipokezi vinapapasa bila kuifikia. Usijaribu zoezi hili kwa kriptokokasi hai kwenye meza ya darasa.

Vioo vyote viende kwenye klorini, na glavu usizivue mpaka vimezama.