Gari limekosa nguvu? Mambo ya kuzingatia kabla hujamkabidhi fundi funguo

Usifike gereji ukasema tu "gari halivuti". Kwa fundi mwenye njaa, hiyo ni ruhusa ya kununua spea. Fika na jibu la swali moja: ukikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unafanya nini? Ukiruka juu huku gari linajikokota, injini haina kosa. Klachi au giaboksi inateleza. Mshale nao ukigoma kupanda, basi injini ina shida, au kuna kitu kinaizuia.

Yale ya bure yamalize mwenyewe. Zulia la dereva lisiwe limejikunja chini ya pedeli. Jaza upepo. Ukitoka safari, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne bila kuzigusa. Moja ikitoa joto kuliko nyingine, breki inakamata. Na usisingizie milima. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, Tabora mjini kama 1,200, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kutoka Kigoma hadi Tabora tofauti hiyo huihisi hata kidogo.

Ea klina, yaani chujio la hewa ya injini: kwa vumbi la kiangazi la Urambo na Sikonge, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Itoe, iinue juani. Mwanga usipopenya, nunua nyingine. Ukipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, vinginevyo unalikandamiza vumbi. Sensa ya hewa iliyo nyuma yake husafishwa kwa spirei yake maalumu. Mtu akija na kitambaa na petroli, mzuie: mle ndani kuna waya mwembamba kama unywele.

Kumbuka pia uliweka mafuta wapi mara ya mwisho. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini petroli ya kwenye chupa na vidumu kando ya njia hakuna anayekudhamini. Gari likienda vizuri kwenye tambarare kisha likafa nguvu mlimani, shuku fyuli filta, au kile kichujio kidogo kilichomo ndani ya tangi. Kabla ya kukubali pampu mpya, dai presha ipimwe kwa geji, tena mbele yako.

Sasa plagi na koili, na hapa naomba usiruke mstari. Injini ikipiga misi, yaani silinda ikishindwa kuchoma mafuta, usiendelee kuliendesha eti "mpaka mwisho wa mwezi". Shemeji yangu wa Mwanga, Kigoma, alifanya hivyo. Alipiga Kasulu kwenda na kurudi na silinda moja haichomi, taa ya injini inawaka na kuzima, yeye anasema taa hiyo ni ya umeme tu. Alipobadilisha koili, misi ikaisha. Ila gari likawa zito. Kupanda kutoka stesheni kwenda Mwanga likawa linapitwa na baiskeli za mzigo. Fundi wa kwanza akamuuzia pampu. Wa pili akasafisha nozeli, kisha akatamka giaboksi imekufa, na shemeji akaanza kupiga simu Dar kuulizia iliyotumika.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa Ujiji, wala hakufungua boneti. Alichuchumaa nyuma, akaweka kiganja mbali kidogo na mdomo wa ekzosi, akasema, "Kanyaga, kijana." Injini ikafika mizunguko kama 2,500, ikaishia hapo, na hewa iliyotoka ilikuwa ya kubembeleza. "Hii gari haijakosa nguvu, imebanwa pumzi." Akangoja ipoe, akafungua oksijeni sensa ya mbele, ile inayotangulia masega (kauri yenye vitundu inayosafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), akamwambia azunguke mtaa mmoja tu, vioo wazi. Kelele zilikuwa za trekta. Gari likapanda kama halijawahi kuugua.

Petroli isiyochomwa ilikuwa imeingia kwenye masega muda wote ule, ikaungulia humo, kauri ikayeyuka na kuziba njia ya moshi. Ndiyo maana taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo unasimama, husubiri mshahara. Na ukibadilisha masega bila kuponya misi, utayaua na mapya. Wapo wanaoyavunja kwa nondo. Sipendi, vipande huishia kwenye sailensa na moshi unawarudia wanao. Yakitolewa, ondoka nayo: yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanafika hadi gereji za huku.

Kipimo cha kompyuta kifanyike kabla betri haijachomolewa, maana kumbukumbu za hitilafu hufutika. Andika kodi, zile namba za hitilafu, mwenyewe. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache; haisemi nunua sensa. Inaweza kuwa mpira uliopasuka. P0300 ni misi isiyo na silinda maalumu. P0420 inasema masega yamechoka kazi, si lazima yawe yameziba.

Spea kuukuu idai, hata imeungua. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Jaribio lifanyike mlimani, si kuzunguka uwanja wa gereji. Kama bado halivuti, usilipeleke Uvinza usiku, usijaribu kulipita lori, usipakie magunia. Kamba ya kuvutia iwe kwenye buti, na simu iwe na chaji kabla hujatoka mjini, maana kuna vipande vya njia ile mtandao haupatikani.