Watumishi wa misheni wakikosana: namna ya kuwapatanisha

Nimeratibu wainjilisti kwa miaka 19 katika vituo vya magharibi mwa Tanzania, ambako mtu mmoja huhudumia vijiji vitatu au vinne kwa pikipiki moja. Sijawahi kuona kituo kikifungwa kwa sababu ya wapinzani wa nje. Viwili vilivyofungwa machoni pangu viliuawa na watumishi waliokuwa wakiimba kwaya moja.

Anza kwa kuijua hoja yenyewe. Ugomvi wa watumishi huletwa kwako ukiwa umevikwa kanzu: "fulani amepoa kiroho," "fulani hana moyo wa utumishi." Usiupokee hivyo. Uliza kilichotokea, lini, wapi. Mara nyingi utakuta ni posho iliyochelewa, au sadaka iliyohesabiwa na mtu mmoja, au mgeni aliyemletea mmoja zawadi akamruka mwenzake. Kanisa la Yerusalemu nalo lilipata manung'uniko juu ya huduma ya kila siku ya wajane (Matendo 6), na mitume hawakuyakemea kama pepo. Waliwekwa watu saba wa kusimamia ugawaji. Kama tatizo ni daftari, tengenezeni daftari.

Kisha aliyekosewa aende kwa mwenzake. Mathayo 18:15 inasema "wewe na yeye peke yenu," na hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu kwetu mtu hamkabili mkubwa wake hivi hivi, anatuma mtu. Wamisionari wengi waliotoka Ulaya na Marekani niliofanya nao kazi waliona kutuma mtu ni woga. Sisi tuliona kumvaa mtu usoni ni kumvunjia heshima. Timu moja ilisambaratika mbele yangu kwa jambo hilo tu, kila upande ukiamini mwingine hana adabu.

Ninavyofanya sasa ni hivi: mshenga aruhusiwe kubisha hodi, asibebe maneno. Aseme, "Ndugu yako ana neno na wewe, anaomba siku." Akiulizwa ni neno gani, ajibu, "Atakuambia mwenyewe." Akianza kueleza yaliyomo, hata awe mwaminifu namna gani, yatafika yametiwa chumvi.

Chunga pia maombi. Kusema "tumuombee ndugu yetu" kwenye mkesha, huku kila mtu anajua ni nani, ni kumsengenya kwa macho yaliyofumbwa. Kama hujaenda kwake, usimtaje.

Wakikubali kukaa na wewe, wakalishe mahali padogo, bila wazee wa kanisa. Mwaka 2014 niliwakalisha jikoni kwangu mwinjilisti na mweka hazina ambao walikuwa hawasalimiani kwa miezi minne. Mweka hazina alikuwa ametangaza kikaoni kwamba lita 5 za petroli hazikuandikwa popote. Niliwapa sharti moja: mmoja akisema, mwingine arudie alichosikia mpaka mwenzake aseme "ndivyo." Mweka hazina alirudia mara mbili na kukosea mara zote mbili, kwa sababu alikuwa anajibu badala ya kurudia. Mara ya tatu alisema polepole, "Unasema ulimpeleka mama mwenye uchungu zahanati usiku, ukaona aibu kuandika kana kwamba unadai malipo ya huruma." Mwinjilisti akasema, "Ndivyo," akainama. Mweka hazina akavuta daftari, akaandika kwa mkono wake tarehe, lita 5, "mzazi, zahanati." Kisha akasema, "Nilikutaja mbele ya watu. Nitakuomba radhi mbele ya watu."

Alipima sawasawa. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulituachia desturi ya kuungama waziwazi na kutembea nuruni, nami naipenda kwa moyo wote. Lakini kosa la faraghani liishe faraghani, na la hadharani litubiwe hadharani. Kumsimamisha mtu mbele ya umati kwa neno alilomwambia mwenzake shambani ni kumwongezea jeraha.

Kuna mambo ambayo si ya kupatanisha. Mtoto au mwanamke akidhuriwa, usiitishe suluhu. Peleka taarifa polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Ikishindikana kati ya hao wawili, tafuta mashahidi wawili au watatu wasio ndugu wa yeyote. Mfadhili asiwe mmoja wao. Akikaa mwenye fedha, watu husema wanachodhani anataka kusikia, na kesho yake kila mmoja anamwandikia barua yake.

Na pengine watatengana. Paulo na Barnaba walitengana kwa kumbishania Marko (Matendo 15), mmoja akashika njia ya Shamu na Kilikia, mwingine akaenda Kipro, na miaka baadaye Paulo akaagiza aletwe Marko huyohuyo, "maana anifaa kwa utumishi." Kwa hiyo usilazimishe watu kubaki pamoja. Ila vijiji na vyombo vigawanywe kwa maandishi yenye saini zao, na waende wote wawili kuwaaga waumini, kijiji kwa kijiji, pasiwe na mahali ambapo kisa kimesikiwa kwa mdomo mmoja.