Somo: Kuchagua Upanga wa Ulaya ya Zama za Kati kwa Bei Unayoimudu

Kabla hujaitazama picha ya upanga wowote unaouzwa, mwombe muuzaji namba nne: uzito wake, urefu wa bapa, mahali pa mizani, na unene wa bapa lake kwenye shina na karibu na ncha. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu siku hiyohiyo. Asiyeweza kukujibu anauza pambo la ukutani, na somo hili halimhusu.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Ninaposema panga ninakusudia wingi wa upanga, wala si lile la kufyekea. Bapa ni chuma chote chenye makali, na shina lake ni sehemu iliyo karibu na mpini. Msuka, kama ulivyo kwa jembe na kisu, ni ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Mfuo ni mfereji usio na kina kirefu unaopita katikati ya bapa kulipunguzia uzito, wala si njia ya damu kama wengi wanavyosimuliana. Kikingio ni chuma kinachokingama mbele ya mkono, na kirungu ni ule uzito ulio mwisho wa mpini.

Hatua ya kwanza: chagua karne kabla ya kuchagua upanga

Zama za kati za Ulaya ni takriban miaka elfu moja, na hakuna upanga mmoja wa zama zote hizo. Mwingereza Ewart Oakeshott (1916–2002) alizipanga panga za wapanda farasi wa Ulaya kwa umbo la bapa na kuzipa namba za Kirumi kuanzia X hadi XXII. Alianzia kumi kwa sababu aina tisa za mwanzo zilikwishapangwa katika panga za Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, na za wakati wa mpito baada yao. Wauzaji wote makini huzitumia namba hizo, kwa hiyo mtu akizifahamu tano au sita tu anaweza kusoma tangazo lolote bila kudanganywa.

Aina ya X ndiyo ya wakati wa vita vya Hastings, Uingereza, mwaka 1066: bapa pana, mfuo mpana unaokaribia kufika nchani, na ncha yenye mviringo kidogo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata. Aina ya XII inafuata katika karne ya 12 na ya 13, ikiwa na mfuo unaoishia karibu theluthi mbili za bapa na ncha iliyochongoka zaidi. Aina ya XIIIa ni upanga mkubwa wa vita wenye mpini wa kushikwa kwa mikono miwili. Aina ya XIV, ya miaka ya 1270 hadi 1340 hivi, ni fupi, pana sana kwenye shina, na inapungua kwa haraka kuelekea nchani. Kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa najua wapo watakaonipinga. Kisha mavazi ya vita yakabadilika. Mashujaa walipoanza kujifunika mabamba ya chuma badala ya nguo za vikuku vya chuma vilivyofumwa pekee, kukata hakukufaa tena kama zamani, na ndipo ikashamiri aina ya XV: bapa lisilo na mfuo, lenye mgongo katikati na mkato unaofanana na almasi, gumu lisilopinda kwa urahisi, la kuchomea katika nafasi zilizobaki kwapani, shingoni na kwenye maungio.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu linaamua bei. Watengenezaji wengi wa bei nafuu hupenda kufua bapa jembamba linalonyumbuka. Ulegevu kidogo unavumilika katika aina ya X au XII, ambazo hata zile za asili zilikuwa na bapa pana la kukata, lakini katika aina ya XV ulegevu huohuo ni kasoro kubwa, kwa kuwa upanga wa kuchoma unaopinda kama fito hauna maana yoyote. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo nitamshauri aanze na aina ya X, XII au XIV, na aina ya XV aiweke hadi siku mfuko utakaporuhusu.

Hatua ya pili: zisome zile namba nne

Uzito ndio shahidi wa kwanza. Panga nyingi za mkono mmoja zilikuwa kati ya kilo 1 na kilo 1.4, na zile za mikono miwili za karne ya 14 na 15 kwa kawaida zilikuwa kati ya kilo 1.2 na kilo 1.8. Uko upanga wa karne ya 13 uliookotwa mwaka 1825 katika mto Witham nchini Uingereza, ambao unahifadhiwa na British Museum na umekuwa maarufu kwa maandishi yake ambayo hayajafumbuliwa hadi leo. Urefu wake ni milimita 964 na uzito wake ni takriban kilo 1.2, yaani pungufu ya mfuko wa kilo mbili wa unga tunaoununua dukani. Ukiambiwa kwamba upanga wa mkono mmoja una kilo 2, ujue kwamba aliyeutengeneza hajapata kuushika wa asili.

Lakini uzito peke yake hautoshi, maana panga mbili zenye kilo 1.2 kila mmoja zinaweza kutofautiana mkononi kama mwiko na nyundo. Tofauti hiyo huletwa na mgawanyo wa chuma. Ulaze upanga juu ya kidole hadi usimame sawasawa bila kuinamia upande wowote: umbali kutoka hapo hadi kwenye kikingio ndio mahali pa mizani, na kwa panga nyingi za mkono mmoja huwa kati ya sentimita 8 na 15. Panga za kukata huelekea kwenye kiwango cha juu, na zile za kuchoma huelekea cha chini. Mtengenezaji mvivu huifikia namba hiyo kwa kuongeza kirungu kizito, na ndiyo maana namba ya nne ni ya lazima.

Namba hiyo ya nne, unene, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa muuzaji haioni kuwa ya maana na hivyo haipambi. Bapa la asili halikuwa na unene mmoja. Kwa kawaida lilianza na milimita 4 hadi 6 kwenye shina, likapungua polepole hadi kufikia karibu milimita 2 kuelekea nchani. Upungufu huo hauonekani kwenye picha, wala hauonekani upanga ukiwa umetundikwa, ila mkono huutambua mara moja. Kiwanda kinachokata bapa kutoka kwenye bamba la chuma lenye unene mmoja na kulinoa kingo tu hupunguza gharama nyingi, na matokeo yake ni upanga wenye ncha nzito unaouchosha mkono kwa dakika tano. Ukijibiwa kwamba shina lina milimita 5 na ncha ina milimita 5, shukuru kwa ukweli uliopewa, kisha utafute kwingine.

Hatua ya tatu: uulize chuma na msuka

Hapa nina ushuhuda wangu mwenyewe. Upanga wangu wa kwanza niliununua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ambaye simtaji, kwa sababu ulimeta na kikingio chake kilikuwa na vichwa vya simba. Baada ya miezi michache kirungu kikaanza kucheza. Nilipoufungua mpini nilikuta bapa linaishia sentimita chache tu ndani, na mahali pa msuka pamechomelewa kijiti cha chuma chembamba kama penseli. Laiti ningeuzungusha kwa nguvu mara moja tu, bapa lile lingeruka na kumkuta aliye mbele yangu.

Kwa hiyo uliza maswali mawili. La kwanza ni kama msuka ni kipande kimoja na bapa, wenye upana wa kutosha, na kama mwisho wake umegongwa juu ya kirungu kama ribiti au umefungwa kwa nati. La pili ni chuma gani kimetumika. Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria, kinafaa kwa kisu kifupi, lakini katika bapa refu huelekea kuvunjika. Upanga wa namna hiyo uubakize ukutani. Unachokitafuta ni chuma cha kaboni kilichopashwa moto na kupozwa ipasavyo. Matangazo huandika namba kama 1060, 1075 au 1095, na tarakimu mbili za mwisho huonyesha kiasi cha kaboni, yaani 1060 ina takriban asilimia 0.6. Utakutana pia na 5160, ambayo ni ya jamii ya chuma cha springi za magari, kilekile ambacho wahunzi wetu hukifulia mapanga na visu. Wazee waliposifu upanga wa feleji walikuwa wakisifu jambo hilihili: chuma kinachopinda kikarudi.

Hatua ya nne: bei na watengenezaji

Panga za asili ziweke kando, kwani hata ulioliwa na kutu hugharimu maelfu ya dola. Katika panga mpya, kati ya dola 200 na 400 za Marekani unaweza kupata kazi ya kuheshimika ya Windlass wa Dehradun, India, au ya Hanwei wa China, ukichagua toleo moja moja kwa zile namba nne badala ya kuliamini jina. Del Tin wa Maniago, Italia, wana historia ndefu ya kunakili panga za makumbusho. Juu kabisa wako akina Albion wa Wisconsin, ambao mfua panga wa Sweden Peter Johnsson aliwachorea panga baada ya kuzipima nyingi za asili. Kazi zao nyingi huvuka dola 1,000, na kwa mwenye kuanza sioni haraka ya kufika huko.

Zisome pia sheria za nchi unayoishi na uwaulize maofisa wa forodha kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika. Gharama ya usafirishaji na ushuru uihesabu kuwa sehemu ya bei.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeona upanga unaotangazwa kuwa wa karne ya 14, na bapa lake lina michirizi ya mawimbi wanayoiita Damaski. Bei yake ni ndogo. Je, niuchukue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulaya ilifua mabapa ya michirizi kwa kusokota na kuunganisha vyuma mbalimbali hasa kabla ya mwaka 1000. Kufikia karne ya 14 mashujaa walitumia bapa lisilo na mapambo hayo, kwa hiyo upanga huo unakosea karne hata kama umefuliwa vizuri. Kwa bei ndogo, mara nyingine michirizi yenyewe huchorwa kwa tindikali juu tu. Uuache.

Swali: Mimi ninaishi Mombasa, karibu na bahari. Nikiweka chuma cha kaboni si kitaliwa na kutu ndani ya mwezi?

Jibu: Kitaliwa ndani ya wiki ukikisahau, kaka. Kila unapoushika upanga, futa alama za vidole kwa kitambaa laini, kisha upake mafuta mepesi. Ya cherehani yanatosha. Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na dawa zilizoilainisha huchubua chuma. Ulaze kabatini pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uutazame kila wiki.

Swali: Kirungu cha upanga ninaoutaka kimefungwa kwa nati. Nimeambiwa huo si upanga halisi.

Jibu: Panga za zama za kati ziligongwa, hilo ni kweli, na kwa anayetafuta usahihi kamili nati ni dosari. Lakini nati iliyokaza juu ya msuka mpana ni salama kuliko ribiti iliyogongwa juu ya kijiti. Tena inakuruhusu kuufungua mpini na kujionea mwenyewe.

Swali: Kuna mtu anauza upanga wa kale wa shujaa kwa dola 350 na anasema ulirithiwa katika familia. Bwana mkubwa, unaonaje?

Jibu: Naona nakala. Nakala nzuri hutengenezwa tangu karne ya 19. Ernst Schmidt wa Munich alizifanya kwa ustadi mkubwa, na leo zenyewe zina umri wa kutosha kuwa na kutu ya haki. Nakala yake ina thamani kama kazi ya karne ya 19, ila huyo muuzaji wako sidhani kama anauza hata hiyo.

Swali: Assalaam alaykum. Je, uko upanga wa Ulaya ambao sisi tunaosoma Kiarabu tunaweza kuusoma?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam. Umenigusa penyewe. Masultani wa Kimamluki wa Misri walihifadhi panga za Ulaya, nyingine zikiwa zawadi na nyingine nyara, katika ghala la silaha la Aleksandria, na wakazichonga maandishi ya Kiarabu yanayotaja kwamba zimewekwa wakfu katika ghala hilo, baadhi yake zikiwa na tarehe za karne ya 14 na ya 15. Nyingi ziko Istanbul, na nyingine unaweza kuziona Royal Ontario Museum, Toronto. Kwa mkusanyaji zina thamani ya pekee, maana upanga wa kawaida hauna tarehe, ilhali hizi zinatuambia ni kabla ya mwaka gani umbo fulani lilikuwa tayari linatumika. Nakala zake hutengenezwa. Ukiipata moja ndani ya bajeti yako, linganisha kwanza maandishi yake na picha za jumba la makumbusho, kwa sababu nimeona herufi zilizonakiliwa na fundi asiyezisoma, nukta zimehama na maneno hayasomeki tena.