Namna ya kuandika historia ya skuli yenu, Lamu na Malindi

Skuli nyingi za pwani hukumbuka historia yake wiki mbili kabla ya sherehe ya miaka hamsini. Kamati inakaa, mtu anauliza skuli ilianzishwa lini, mmoja anataja mwaka, mwaka unachapishwa kwenye fulana, na tangu hapo hakuna wa kuubishia. Kazi hii ipeni miezi mitatu au minne na watu watatu wenye subira. Mwaka wa kuanzishwa uandikeni mwisho.

Sababu ni kwamba mnatafuta tarehe nne, si moja: siku mwalimu alipoanza kusomesha, pengine dakani kwa mtu au kwenye banda la makuti, siku jengo lilipokamilika, siku serikali ilipoisajili, na siku ilipopewa jina la sasa. Baina ya ya kwanza na ya mwisho huweza kupita miaka mingi. Jiwe lililojengewa ukutani linashuhudia jengo peke yake. Fungueni daftari lenye safu nne, kila tarehe na safu yake, na mbele ya kila mwaka muandike nani au karatasi gani imeutaja.

Makaratasi ya skuli

Anzeni stoo, kule kwenye madawati yaliyovunjika, na juu ya kabati la mwalimu mkuu. Mnatafuta daftari la uandikishaji, daftari la wageni, kumbukumbu za vikao vya wazazi na, Mungu akipenda, daftari la matukio ambalo walimu wakuu wa zamani walikuwa wakiliandika kila wiki.

Daftari la uandikishaji ndilo lenye utajiri. Lisomeni kwa safu, msilisome kwa majina tu. Nambari za wanafunzi zikirudi 1 katikati ya miaka, pana jambo: daftari jipya, skuli mbili zimeunganishwa, au skuli imesajiliwa upya. Tarehe za kuzaliwa zikiwa 1 Januari mstari baada ya mstari, huyo ni karani aliyekisia, msizitumie. Safu ya kazi ya mzazi huwaambia mengi kuliko hotuba yoyote: baharia, mvuvi, fundi seremala, mkulima, kisha ghafla zinaanza kazi za hoteli. Hesabuni kila baada ya miaka kumi muone mji ulivyogeuka. Majina yaandikeni matatu pamoja na mtaa na lakabu. "Mohamed Ali" wa Mkomani na "Mohamed Ali" wa Langoni wakichanganywa hawatenganishwi tena.

Unyevu, chumvi na mchwa ndio maadui. Daftari lililolowa lianikeni kivulini penye upepo. Jua linaikunja karatasi na kuifanya ikatike. Kurasa zilizoshikana msizibandue kwa nguvu. Bila haraka, wekeni karatasi nyeupe kavu kati ya kurasa zinazoachana na muibadilishe kila inapolowa. Msitumie selotepu, gundi yake hugeuka rangi ya chai na kula wino. Msipitishe karatasi za asili kwenye plastiki ya moto, maana haitoki tena. Mikono mikavu na safi yatosha.

Piga picha kwa simu karibu na dirisha asubuhi, bila taa ya simu. Simu iwe sambamba na ukurasa, rula iwe pembeni kuonyesha ukubwa, na kila ukurasa picha mbili. Siku hiyo hiyo zipeni majina: mwaka, aina ya daftari, nambari ya ukurasa. Picha mia nne zisizo na majina ni sawa na kutopiga.

Nje ya skuli

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Moi Avenue, Nairobi. Majalada ya serikali kwa kawaida hufunguliwa yakishatimiza miaka 30. Wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu wameuliza jina la skuli. Ulizeni ripoti za mwaka za wilaya na majalada ya elimu, kisha muisake skuli humo ndani. Malindi kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kilifi, kwa hivyo ombeni na ya Kilifi.

Kabla ya uhuru elimu ilipangwa kwa rangi: Wazungu, Waasia, Waarabu, Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha na majalada yake. Skuli iliyoandikwa kuwa ya Waarabu hamtaipata kwenye elimu ya Waafrika, hata kama nusu ya watoto wake hawakuwa Waarabu. Baada ya uhuru skuli za msingi zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti ya wakati ule, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipozihamishia serikali kuu. Kwa hiyo miaka ya 1963 hadi 1969 itafuteni katika kumbukumbu za baraza. Ajira ya walimu ifuateni kwa Tume ya Walimu, TSC, iliyoundwa 1967.

Barua za kifamilia za zamani mara nyingi ziko kwa hati ya Kiarabu na tarehe ya Hijria. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ujumlishe 622. Mwaka 1380 unakupa 1960 na ushei, na kweli ulianza Juni 1960 ukaishia Juni 1961. Andikeni "1960/61" msijifanye mnajua zaidi. Kumbukeni pia kwamba usiku wa Ijumaa katika barua hizo ni Alhamisi baada ya magharibi. Na hati yenyewe haitenganishi vizuri e na i, wala o na u, basi jina la mtu au mtaa lisomeni mbele ya mzee wa mji kabla ya kulichapisha.

Wazee

Nendeni baada ya alasiri, barazani, kwa miadi. Mwalimu mstaafu anaitwa Mwalimu mpaka kaburini, na wa chuo cha Kurani ni Maalim. Kwa Bi aliyesoma skuli miaka ya kwanza ya wasichana, aende mwanamke, ndani, na asiwe na haraka. Saa moja yatosha. Mkizidisha, mzee anaanza kuwapa mnachotaka kusikia. Ombeni ruhusa ya kurekodi na irekodiwe ruhusa yenyewe. Bainisheni mapema kama anazungumzia skuli au chuo cha Kurani, maana wengi walikwenda vyote viwili na miaka huchanganyika.

Msimuulize mwaka. Muulizeni alikuwa darasa la ngapi jambo fulani lilipotokea: mafuriko ya 1961, bendera ya uhuru Desemba 1963, kufa kwa Mzee Kenyatta Agosti 1978, maziwa ya Nyayo, ya bure skulini, yaliyoanza 1979, jaribio la mapinduzi Agosti 1982. Aliyekuwa darasa la nne Kenyatta alipofariki alianza la kwanza 1975 na kufanya CPE, mtihani wa darasa la saba wa kumaliza skuli ya msingi, 1981. Wekeni mwaka mmoja wa ziada huku na huku, kwani kurudia darasa lilikuwa jambo la kawaida.

Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, una mtego wake. Waliokuwa darasa la saba 1984 hawakufanya CPE. Walipanda la nane wakafanya KCPE, mtihani ulioshika nafasi ya CPE, ya kwanza 1985. Ndiyo maana mwaka 1985 hapakuwa na wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Mtu akisema aliingia kidato cha kwanza 1985, mrudisheni taratibu kwenye hesabu, bila kumuaibisha. Mkikuta kidato kimoja kimekosekana kwenye daftari la sekondari, msidhani kurasa zimepotea.

Kuandika

Jambo liingie kwenye maandishi likiwa na mashahidi wawili wasiotegemeana. Ndugu wawili wa nyumba moja ni shahidi mmoja. Mashahidi wakipingana, chapisheni kauli zote mbili na mseme mnaegemea ipi na kwa nini. Orodha ya walimu wakuu ifuate barua za uhamisho na sahihi kwenye daftari, si picha zilizotundikwa ofisini, ambazo huwaruka waliokaimu. Adhabu, ada zilizowashinda wazazi na wasichana walioachishwa masomo viandikwe, lakini majina ya watoto yabaki nje.

Chapeni nakala za karatasi, msitegemee faili la simu. Moja ibaki skuli, moja ipelekwe makumbusho ya Lamu au ya Malindi, na moja kwa kila mzee aliyehojiwa, pamoja na picha zake mlizoazima.