Kumuokoa punda mwenye kwato mbovu: kuanzia siku ya kwanza hadi karibu mwaka mzima

Punda wa mkokoteni akiletwa kwato zimepinda juu kama makubadhi, kila mtu hukimbilia kisu. Kisu kingoje. Tumbo linaweza kumuua ndani ya wiki moja, ilhali kwato utahangaika nazo karibu mwaka. Vipimo vilivyo hapa ni vya punda wa kilo 120 hadi 150, kama hawa wanaovuta maji Njiru, Kayole na Ruai, jijini Nairobi.

Kumchukua

Usimtembeze. Mpakie kwenye pikapu iliyotandikwa maranda mengi. Kama ana mwenzake, wapakie wote wawili, hata kama mwenzake ni mzima. Punda aliyetenganishwa na mwenzake hugoma kula, na akikaa bila kula kwa siku moja tu, mafuta ya mwili huanza kumwagika kwenye damu na kulilemea ini. Mnono ndiye huwa hatarini zaidi. Ukimwona ameinamisha kichwa, hataki chakula, na mavi yake ni makavu yenye utando wa kamasi, mwite daktari saa hiyo hiyo.

Kumpima

Joto la kawaida la punda mzima ni nyuzi 36.2 hadi 37.8, na moyo hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika. Kisha weka vidole viwili nyuma ya mguu, pande zote mbili, kati ya kifundo na ukwato. Kwa punda mzima mapigo ya hapo utayatafuta sana. Yakidunda kama ngoma kwenye miguu yote miwili ya mbele na kwato zina joto, hiyo ni laminitisi: nyama inayoushikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato imewaka, na mfupa unaweza kulegea na kuzama. Akikataa kukanyagia mguu mmoja tu, fikiria jipu ndani ya ukwato. Na ukichokoa kando ya ile nyama laini yenye umbo la V chini ya unyayo, ukatoa tope jeusi linalonuka kama mfereji, huo ni uozo. Mara nyingi utakuta mawili kati ya haya pamoja, hasa upande wa Embakasi na Ruai ambako udongo mweusi haukauki msimu mzima wa mvua.

Siku hiyo hiyo daktari amchome sindano ya pepopunda. Jina lenyewe linakuambia. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi, na jeraha la chini ya ukwato ni mlango wazi.

Kumlisha

Aliyekonda usimpe ugali, mkate, pumba ya mahindi wala mabaki ya soko la Marikiti. Sukari na wanga huchochea laminitisi, na chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu hadi moyo ukasimama. Siku 3 za kwanza mpe robo kilo ya nyasi kavu kila baada ya saa 4, usiku pia. Ongeza kidogo kidogo hadi kilo 2 au 2.5 kwa siku ifikapo siku ya 10. Maji yawepo wakati wote. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kisimkaribie kabisa: baadhi huwekwa monensini, dawa ya kuzuia koksidia, ambayo kuku huivumilia lakini humuua punda au farasi kwa kuharibu misuli ya moyo.

Kumpunguzia maumivu

Banda liwe kavu, maranda yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, hadi mlangoni. Mwenye laminitisi mfungie pedi: lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya, unene wa sentimita 5, likatwe kwa umbo la unyayo na lifungwe kwa tepu pana ya kijivu. Litabonyea kwa siku moja au mbili. Usilitupe, ongeza jingine chini yake. Tepu isipande juu ya mstari ambapo nywele zinakutana na ukwato, maana itakaba damu.

Jipu hufunguliwa na daktari au fundi wa kwato kwa tundu dogo tu. Ukitoboa shimo kubwa, nyama ya ndani hufura na kutokeza nje, na hapo umejiongezea miezi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, dakika 20, mara mbili kwa siku, lakini zisizidi siku 3, kwani ukwato hulainika. Kausha, weka shashi yenye dawa ya ayodini, vika nepi ya mtoto, funga bendeji, malizia na tepu. Badilisha kila siku.

Uozo hautaki makuu: chokoa, piga brashi, kausha, paka ayodini iliyozimuliwa. Mrututu (kopa salfeti, ile chumvi ya bluu) hukausha vizuri, ila usiuguse kwenye nyama mbichi. Oili chafu ya gari inafungia uchafu ndani, basi.

Kukata

Ukwato hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Uliopinda kwa miaka usiunyooshe kwa siku moja, kwa sababu kano na viungo vimeshazoea ule upinde. Kata kidogo kila wiki 3 au 4, kisha kila wiki 6 hadi 8. Ikiwezekana pata picha ya eksirei kwanza. Fundi aliyezoea farasi aambiwe mapema kwamba ukwato wa punda husimama wima zaidi. Unyayo usichongwe ukawa mwembamba. Ukiona rangi ya waridi, acha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu anachechemea lakini anakula vizuri. Si ina maana hana maumivu makali?*
Hapana. Punda huficha. Tazama anavyohamisha uzito mguu hadi mguu na muda anaolala.

*Naweza kumpa dawa ya maumivu ya farasi kutoka agroveti, nusu kipimo?*
Usikisie, dada. Mwili wa punda huitoa fenilibutazoni, dawa ya maumivu inayotumika sana kwa farasi, haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo na saa za kumpa ni tofauti. Daktari aamue. Na usichanganye dawa mbili za aina hiyo, zitamtoboa tumbo.

*Jirani anamchapa wake akiwa hivyo hivyo. Nimchukue?*
Ukimchukua umeiba. Piga picha zenye tarehe, kisha ripoti polisi au KSPCA, shirika la kulinda wanyama nchini Kenya. Ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Kabla ya hapo zungumza na mwenyewe, huenda hajui kwamba kwato hukatwa.

*Atarudi kazini lini?*
Ukuta mpya kutoka juu hadi chini huchukua miezi 9 hadi 12. Atembee sawa kwenye ardhi ngumu, bila dawa, wiki 3 mfululizo, ndipo aanze na mkokoteni mtupu. Aliyewahi kuzama mfupa asivute tena.

*Na kama mfupa umetokeza chini ya unyayo?*
Pole, kaka. Mwite daktari amlaze usingizi wa milele leo, na umwache mwenzake amnuse kabla hajaondolewa, la sivyo atazunguka akimtafuta na kugoma kula.